TAHADHARI: Nyumba mbovu inayouzwa Lubumbashi kwa "dosye moja", mkopo na mafundi ndani yake

Bandugu wa Lubumbashi, na ninyi mlio mbali mnaotuma feza ili mdogo wenu awatafutie nyumba huku, someni hii kabla ya kutoa hata akonti (malipo ya kwanza) ya dola 100.

Kuna komisioneri (dalali wa nyumba) anazunguka Kampemba, Kamalondo na Katuba akitafuta wateja wa nyumba za zamani zilizochakaa. Jina lake siliandiki, maana kesi iko mbele ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) na sitaki anigeuzie kibao. Mtamjua kwa kauli yake: "Yaya, usiogope, kila kitu iko mu dosye moja," yaani faili moja. Anayo nyumba, anao wa kukukopesha, anao na mafundi. Wewe unakuja na kalamu tu.

Miaka tisa nimelipa kodi, na kila nilipohama garanti niliyomwachia mwenye nyumba ilirudi nusu. Kwa hiyo aliponionyesha ile nyumba moyo ulishanunua kabla ya mfuko. Matofali mekundu ya enzi ya Union Minière, kuta nene, miembe miwili uwanjani. Paa la eterniti lilikuwa limepasuka, na fremu za milango mchwa wamekula hadi ukibonyeza kwa kidole kinaingia. Bei dola 19,000. Ukarabati akaupigia hesabu ya 7,000, kwenye karatasi, mbele yangu, hadi idadi ya mifuko ya sima. Nilipe 5,000, zilizobaki 21,000 nikopeshwe na "koperative" kwa miezi 48. Feza ya ukarabati isipite mikononi mwangu, iende moja kwa moja kwa fundi, "ili usiikule". Nilicheka, kwa sababu najijua. Hapo ndipo aliponipata.

Siku ya kutia sahihi nilipewa fotokopi ya sertifika, hati ya nyumba. Jina lipo, volumu na folio (namba ya kitabu na ya ukurasa) zipo, muhuri upo. Majirani walishanithibitishia kwamba nyumba kweli inauzwa. Nikalipa, nikapewa risiti iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari.

Siku tatu baadaye mafundi wakaja wakavua paa lote. Ilikuwa Septemba, jua kali, nikaona wana bidii. Mbao nzuri za dari wakazipakia wakaondoka nazo. Eterniti waliivunjavunja wakaitupa uwanjani, na watoto wa jirani wakawa wanachezea vipande. (Eterniti ya zamani ina asbesto. Vumbi lake msilichezee, hata kama nyumba ni yenu kihalali.) Kesho yake simu: malata hayatoki depo bila dola 1,200 za kufungua dosye ya vifaa. Mnajua mvua zetu. Nyumba isiyo na paa mwezi wa kumi haikupi muda wa kufikiri, nikalipa. Wiki iliyofuata wakataka 600 za "asiransi". Hapo feza iliniishia.

Na si mimi niliyegundua. Alikuja papa mmoja mzee na binti yake, wakasimama kwenye geti wakitazama juu pasipo na paa. Mzee akauliza taratibu, "Nani aliwapa ruhusa ya kubomoa kwa baba?" Walikuwa na sertifika yenyewe. Nyumba ni ya marehemu, warithi ni sita. Walikuwa wamempa komisioneri ufunguo atafute mteja, basi. Ndiyo sababu majirani hawakunidanganya. Mzee akageuza sertifika, nikaona nyuma: ipoteki, yaani nyumba imewekwa rehani, imeandikwa na kupigwa muhuri, deni la tangu marehemu akiwa hai. Fotokopi yangu ilikuwa ya upande mmoja tu.

Nilirudi kwenye ofisi ya ile koperative. Sasa ni saluni ya kusuka.

Nimekaa na jambo hili usiku mwingi, na kila mara narudi palepale. Yule mkopeshaji alikuwa anatoa dola 21,000 zake, dhamana ni nyumba, lakini hakutuma mtu hata mmoja kuja kugusa ukuta. Mkopeshaji wa kweli angefika kwa konservateri, mtunza hati za nyumba, kabla yangu, kwa sababu ipoteki yake haina nguvu kwa wengine mpaka iandikishwe pale. Huyu hakujali nyumba iko kwa nani kwa sababu hakuwa na feza ya kupoteza. Feza pekee ndani ya dosye nzima ilikuwa yangu.

Kwa hiyo akikujia, chukua namba ya volumu na folio uende mwenyewe kwa konservateri wa hati za nyumba anayeshika komini ile, uombe kuona kilichoandikwa kitabuni. Usiende naye, na usimtume mdogo wake. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni ya Serikali. Unachonunua ni konsesyo (haki ya kuitumia) na jengo lililo juu yake, na haki yako inathibitishwa na sertifika yenye jina lako. Akti ya mauzo yenye muhuri wa shefu wa kartie ni ushahidi kwamba ulilipa, haikufanyi mwenye nyumba. Tazama pia tarehe: konsesyo ya kawaida haizidi miaka 25 kabla ya kufanywa upya, na wengine wanauza zilizobakiza miaka michache. Nyumba ya marehemu, warithi wote watie sahihi, hata yule aliye Kolwezi asiyepokea simu. Koperative nayo iulize kibali chake cha Benki Kuu ya Kongo, kisha uthibitishe huko Benki Kuu kwenyewe, si kwenye fremu iliyotundikwa ukutani.

Na paa lisiguswe kabla ya mitasyo, yaani kuhamisha sertifika kwa jina lako, kuisha. Nyumba mbovu yenye paa linalovuja bado inakuruhusu kuondoka.

Familia ile ilikuwa na haki ya kunishitaki mimi pia, hawakufanya hivyo. Tumeweka malalamiko pamoja. Mwanasheria wao anasema kuuza nyumba isiyo yako ni kosa la stelionati, kifungu cha 96 cha kanuni ya adhabu, mbali na utapeli wenyewe. Mpaka leo tuko wanne tuliolipa, wawili kati yetu kwa nyumba hii hii. Kama ulilipa akonti kwa mtu wa "dosye moja" tangu mwaka jana, niandikie faraghani. Leta risiti, hata kama ni ya karatasi ya daftari. Ya kwangu ina doa la mafuta na imepokelewa.