HUDOC: hukumu za Strasbourg, bure, na hazihitaji kujisajili

Nafanya ukalimani Uholanzi, zaidi kwa akina mama kutoka Burundi na Kongo. Mtu akiniambia "sheria ya Ulaya inasema hivi", naingia HUDOC, kanzidata ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg, Ufaransa, nikasome mwenyewe. Naipendekeza kwa moyo wote.

Anza kwa kuandika SGP. Hiki ni chama cha Kiprotestanti cha hapa, ambacho kwa imani yake kiliwazuia wanawake kugombea. Mwaka 2010 mahakama ya juu kabisa ya nchi, Hoge Raad, iliamua kwamba Serikali haiwezi kulinyamazia jambo hilo. Chama kikakimbilia Strasbourg, na Julai 2012 malalamiko yake yakatupwa. Kilijitetea kwamba hakuna mwanamke wake aliyetaka kugombea. Utetezi huo naujua vizuri, maana hata kwenye vikao vya ukoo utasikia: mbona wenyewe hawajalalamika? Majaji walijibu kwamba hilo haliamui kitu. Kumnyima mtu haki ya kisiasa kwa jinsia yake tu hakukubaliki, iwe imeandikwa kwenye katiba ya chama au inafuatwa tu kwa vitendo. Mwaka 2014 mwanamke wa chama hichohicho alichaguliwa diwani mjini Vlissingen!

Uamuzi huo wa 2012 haukuegemea Ibara ya 17 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ile inayokataza kutumia haki ili kuvunja haki za wengine. Chuja kwa ibara hiyo, upande wa kushoto, uone ilipotumika: Garaudy dhidi ya Ufaransa, 2003, kuhusu kukana mauaji ya Wayahudi. Kisha soma Perinçek dhidi ya Uswisi, 2015, inayosema ibara hiyo ni ya hali za kupindukia tu. Naunga mkono. Ibara hiyo ikitumika moja kwa moja, hoja za mtu hazipimwi kabisa, na serikali yenye nia mbaya ingeweza kuwageuzia silaha hiyo wanawake wanaodai haki zao.

Kasoro ni lugha. Hukumu hutolewa kwa Kiingereza au Kifaransa, nyingine kwa zote mbili. Baadhi zina tafsiri za lugha nyingine nyingi, Kiswahili hakimo. Hukumu zenyewe ni ndefu, kwa hiyo tangulia na mwongozo wa Mahakama kuhusu Ibara ya 17. Kama shida yako ni kipigo nyumbani, nenda moja kwa moja Opuz dhidi ya Uturuki, 2009.