Kadi ya mkopo Tanga mjini kwa mwenye mkopo wa mshahara: tathmini

Kadi ya mkopo ya benki inamfaa mtu ambaye mshahara wake hauna makato mazito na ambaye hulipa deni lote kila mwezi. Kwa mwenye mkopo wa mshahara unaoendelea, tunaipa alama 2 kati ya 5, na sababu kubwa iko kwenye ATM.

Maombi yenyewe hayana tabu. Namba ya NIDA, salari slipu za miezi 3, taarifa ya akaunti ya miezi 6 na barua ya mwajiri ndivyo vinavyoombwa mara nyingi. Kazi iko kwenye theluthi: baada ya makato yote, theluthi moja ya mshahara wa msingi lazima ibaki mkononi. Chukua mfanyakazi wa kiwandani Pongwe mwenye mshahara wa msingi wa 900,000. NSSF 90,000, kodi 80,500, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu 135,000, rejesho la benki 260,000. Anabakiwa na 334,500, na theluthi yake ni 300,000. Nafasi aliyonayo ni 34,500 tu. Benki inayohesabu rejesho la chini kuwa asilimia 5 ya kikomo, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa kwa kadi, itamnyima kadi ya milioni 1, maana 50,000 kwa mwezi haiingii. Ya laki 5 itaingia kwa 25,000. Piga hesabu hii kwa slipu yako kabla ya kujaza fomu, kisha omba kikomo kinachoingia.

Wengi huangushwa na vitu vidogo: mkopo wa simu wa 12,000 uliosahaulika kwenye laini isiyotumika tena. Benki huangalia taarifa za mikopo zinazotunzwa na kampuni kama Creditinfo, kwa hiyo omba yako mapema. Ukikuta mkopo uliokwisha bado unasomeka kuwa wazi, rudi kwa aliyekukopesha, chukua barua ya kumaliza deni na umbane apeleke marekebisho. Afisa mikopo wa benki unayoomba hana uwezo wa kuufuta. Usipeleke maombi benki tatu ndani ya wiki moja pia; utaonekana umebanwa.

Na kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali? Hata pasipo jina la mkopeshaji popote, taarifa ya akaunti inasema: mshahara umeingia asubuhi, umetolewa wote kabla ya adhuhuri, kila mwezi. Afisa mzoefu akiona hivyo anajua kadi yako ya ATM imeshikwa na mtu mwingine.

Tuseme umepata. Utaitumia wapi? Soko la Mgandini na maduka mengi ya Ngamiani, ni taslimu au Lipa Namba. Tiketi ya ndege na malipo ya mtandaoni hata kadi yako ya kawaida yenye Visa inayamaliza. Ndipo mtu anaishia kutoa fedha kwenye ATM, na hapo kadi inauma. Ukinunua dukani kwa kawaida unapewa siku kadhaa bila riba. Ukitoa fedha, riba inaanza siku hiyohiyo, na ada juu. Kwa ada ya asilimia 4 na riba ya asilimia 3 kwa mwezi, laki 5 uliyotoa inakuwa 535,000 mwezi ukiisha. Ukilipa rejesho la chini la 26,750, unabaki unadaiwa 508,250. Umelipa, na deni bado ni kubwa kuliko fedha uliyoshika. Kadi ya namna hii kulipia rejesho la mkopo mwingine hatuipendekezi hata kidogo. Afadhali kuomba benki iliyokukopesha ikuongezee muda wa marejesho, ukijua jumla ya riba itapanda.

Anayeamua kuichukua asisaini kabla ya kuuliza tarehe ya mwisho ya kulipa. Mshahara ukiingia tarehe 25 na kadi ikadai tarehe 20, kila mwezi utachelewa na kutozwa faini. Omba tarehe isogezwe hadi 28, na upate kibali hicho kwa maandishi.