Mshipi wa kuvulia besi: upi ununue kwanza, upi uache dukani

Wanaoanza kuvua samaki aitwaye besi huumiza kichwa kuchagua fimbo na rili (kifaa cha kukunjia mshipi), kisha wakifika kwenye mshipi wanachukua wowote ulio karibu. Nami nilikuwa hivyo kwa miaka. Siku nilipokaa nikakumbuka samaki wakubwa walioniponyoka, mmoja mmoja, niligundua kwamba fimbo haikuhusika karibu mara zote. Ni mshipi. Ama ulikatika kwenye fundo, ama ulikwaruzwa na gogo, ama ulinifichia mdono mpaka samaki akatema chambo na kwenda zake. Kama fedha yako ina mipaka, punguza kwenye fimbo, usipunguze kwenye mshipi.

Besi ninayemzungumzia ni yule wa mdomo mkubwa, Micropterus salmoides, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini na siku hizi anaishi katika maziwa na mabwawa ya mabara mengi. Huyu ni mviziaji. Anakaa ndani ya magugu maji, chini ya mti ulioanguka, pembeni mwa jiwe, na chambo kikipita anafungua kinywa na kukifyonza pamoja na maji. Akihisi si chakula, anakitema upesi kuliko unavyodhani. Kwa hiyo mshipi wake una kazi tatu: kukupa habari mapema, kustahimili kukwaruzwa, na kutomshtua samaki kwenye maji maangavu. Hakuna mshipi unaozifanya zote tatu vizuri, na mabishano yote ya wavuvi kuhusu mishipi yanaanzia hapo.

Neno moja kuhusu namba za kwenye boksi. Nguvu ya mshipi huandikwa kwa ratili, na ratili moja ni kama gramu 454. Usitishwe na hadithi za samaki wa rekodi ukaenda kununua kamba ya kufungia ng'ombe. Besi mzito kuliko wote anayetambuliwa ana takriban kilo 10: George Perry alimvua wake huko Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, na Manabu Kurita akavua wa kulingana naye katika Ziwa Biwa, Japani, tarehe 2 Julai 2009. Perry alimvua wake miaka mitatu kabla nailoni haijatengenezwa maabara. Besi wengi utakaowashika ni wa kilo moja au mbili, na kinachokulazimisha kutumia mshipi wenye nguvu ni magugu na magogo anayokimbilia, wala si uzito wake.

Hivi ndivyo ninavyoipanga.

Nafasi ya kwanza: mshipi wa kusuka, wenye kipande cha florokaboni mbele

Mshipi wa kusuka hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za polithini yenye nguvu kubwa, nne au nane, zikasukwa pamoja kama ukili. Haunyumbuki karibu hata kidogo. Ukivuta, chambo kinasogea saa hiyo hiyo. Samaki akidona mita thelathini mbele yako, unamhisi kwenye kidole kana kwamba amegonga fimbo yenyewe. Aliyezoea nailoni akijaribu huu kwa mara ya kwanza hushtuka, maana anaanza kuhisi kokoto, vijiti na matope chini ya maji, vitu ambavyo kabla yake vilikuwa giza tupu.

Faida ya pili ni wembamba. Wa kusuka wa ratili 30 huwa na unene wa nailoni ya ratili 8 hivi. Unarusha mbali zaidi, ngoma ya rili inabeba mita nyingi zaidi, na mshipi hauweki mikunjo ile ya duara inayoleta mafundo. Unadumu pia: ngoma moja naitumia misimu miwili au mitatu, na upande mmoja ukichakaa naugeuza, wa ndani ukawa wa nje.

Kasoro yake kubwa ni kwamba unaonekana. Ndiyo maana nasisitiza kipande cha mbele cha florokaboni, aina ya plastiki isiyoonekana sana majini, mita mbili hadi tatu kati ya mshipi wa kusuka na chambo. Kwa rili ya kawaida inayoning'inia chini ya fimbo, nunua wa kusuka wa ratili 10 au 15, na kipande cha mbele cha ratili 8 au 10. Viungwe kwa fundo la FG ukiweza kulifunga, maana ni jembamba na hupita kwenye pete za fimbo bila kukwama. Usipoliweza, fundo la yuni mbili linatosha kabisa. Nimevua nalo kwa muda mrefu kuliko lile lingine.

Kipande cha mbele hakihitajiki ukivua kwa chura bandia juu ya zulia la magugu au majani ya yungiyungi. Hapo funga wa kusuka wa ratili 50 au 65 moja kwa moja kwenye chambo. Besi amefunikwa na majani, mshipi hauoni. Na akishanaswa anazama na kujizungusha kwenye mashina, ambapo mshipi wa kusuka hukata magugu kama msumeno na nailoni hubaki imekwama.

Mambo mawili ya kuzingatia kabla ya kuondoka dukani. Kwanza, mshipi huu ni mtelezi, ukiufunga mtupu kwenye ngoma unazunguka wote kwa pamoja, na utadhani breki ya rili imeharibika. Anza na mita chache za nailoni chini yake. Pili, unakata vidole. Ukinasa kwenye gogo usiushike kwa mkono mtupu. Uzungushe kwenye kipande cha mti kisha uvute.

Nafasi ya pili: nailoni

Najua wapo watakaoshangaa kuiona juu ya florokaboni. Nailoni ni ya bei nafuu kuliko zote, inafungika vizuri, na inasamehe makosa. Kunyumbuka kwake, ambako wengi wanakutaja kama ugonjwa, kuna mahali ambapo ni dawa. Chukua chambo kinachoelea chenye ndoana za meno matatu. Besi anaruka, anakipiga, nawe kwa furaha unavuta kabla ya wakati. Mshipi usionyumbuka utamnyang'anya chambo mdomoni au kumchana. Nailoni inampa nafasi ya kukifunga kinywani, na anaporuka akitikisa kichwa inavuta na kulegea pamoja naye. Tena haizami haraka, kwa hiyo haikivuti chambo pua chini. Kwa kazi hiyo nailoni ya ratili 12 hadi 17 bado haijapata mpinzani kwangu.

Kwa mtu anayejifunza kutumia rili ya ngoma inayokaa juu ya fimbo, nailoni ndiyo ya kuanzia. Utasokota mshipi, hilo halikwepeki, na utakata na kutupa mita nyingi. Afadhali iwe mita za bei nafuu.

Ubaya wake ni kuzeeka. Jua linaidhoofisha, maji inayanyonya na kupungua nguvu, na ikikaa kwenye ngoma miezi mingi inatoka imejiviringisha kama springi. Ibadilishe kila msimu, au mapema zaidi kama unavua kila wiki.

Nafasi ya tatu: florokaboni ngoma nzima

Wavuvi wengi wazoefu wangeiweka ya kwanza, na sababu zao ni za kweli. Mwanga hupinda ukiingia kwenye maji kwa kipimo cha 1.33, kwenye florokaboni 1.42, na kwenye nailoni zaidi ya 1.5. Kadiri namba inavyokaribia ile ya maji ndivyo mshipi unavyopotea machoni. Florokaboni haitoweki kama matangazo yanavyodai, ila inaonekana kidogo kuliko nyingine. Inazama, kwa kuwa ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya mara moja na nusu, na hainyonyi maji. Kwa chambo chenye ulimi kinachopiga mbizi, au kwa kuburuta chambo polepole kwenye mawe ya kina kirefu, ya ratili 10 au 12 inafanya kazi nzuri mno.

Naishusha kwa sababu ya fundo. Florokaboni ni ngumu, na ukiikaza kavu inajisugua, inapata joto, na kudhoofika pale pale usipoweza kuona. Nina kumbukumbu ya asubuhi moja ya maji matulivu: mdono mzito, fimbo ikapinda, nikaona ubavu wa kijani unageuka chini ya maji, kisha ghafla hakuna kitu. Nikakunja mshipi wote na kuitazama ncha. Haikuwa imekwaruzwa popote. Ilikuwa imejisokota kidogo, kama unywele uliopitishwa kwenye moto. Hiyo ni alama ya fundo lililoteleza. Mshipi haukuwa na kosa. Nililikaza fundo kwa haraka bila mate. Tangu siku hiyo nalilowesha kila fundo mdomoni na kulikaza taratibu, halafu nalivuta kwa nguvu kabla ya kurusha. Likikatika, na likatike mkononi.

Pia haipendi rili ndogo za kuning'inia ikiwa nene. Zaidi ya ratili 8 au 10 inaruka kutoka kwenye ngoma kwa mafungu na kukutengenezea kiota. Ukijumlisha bei yake ya juu, ni mshipi wa kununua ukishajua unachotaka. Mpaka hapo roli dogo la kipande cha mbele linakutosha.

Nafasi ya nne: michanganyiko

Hii ni mishipi ya nailoni zilizochanganywa, au nailoni iliyopakwa florokaboni kwa juu. Mingine ni mizuri, hasa kwa wanaotaka nailoni isiyonyumbuka sana. Tatizo langu ni maboksi. Neno florokaboni linaandikwa kwa herufi kubwa mbele, na neno la kueleza kwamba ni rangi tu ya juu linafichwa nyuma kwa herufi za sisimizi. Mnunuzi analipa akidhani amepata kitu kingine. Geuza boksi usome. Kama haijaandikwa asilimia 100, basi ndani ni nailoni, na ilipiwe kama nailoni.

Ukiwa na boksi mkononi

Usiangalie ratili pekee, soma na unene kwa milimita. Mishipi miwili iliyoandikwa ratili 10 inaweza kupishana unene sana, na ule mnene mara nyingi hukatika juu ya namba yake, kwa hiyo unasifiwa nguvu ambayo ni unene tu. Nailoni iliyokaa dirishani ikipigwa na jua iache hata kama imepunguzwa bei. Vuta mkono mmoja wa mshipi ukiruhusiwa, upitishe kati ya kucha mbili: uwe laini mwanzo hadi mwisho, bila vijivimbe.

Rangi kwenye wa kusuka ni suala la macho yako. Napenda njano kali, maana besi wengine hawavuti, wanaogelea na chambo kuja upande wako, na dalili pekee ni mshipi kulegea au kwenda pembeni. Kipande cha mbele kinaficha rangi hiyo kwa samaki.

Ukifika nyumbani, jaza ngoma ya kawaida mpaka zibaki kama milimita mbili kufika ukingoni. Ikijaa kupita hapo mshipi unamwagika. Ikipungua sana haurushi mbali. Wa kusuka uviringishe ukiwa umekazwa kati ya vidole vilivyoshika kitambaa kibichi, la sivyo tabaka la juu litazama ndani ya la chini siku ya kwanza utakapopata samaki wa kuvuta. Na ukiwa majini, kila baada ya samaki au kunasa, pitisha kucha kwenye nusu mita ya mwisho. Ukihisi mkwaruzo hata mdogo, kata hapo na ufunge upya.