Pikipiki ya cc 150 au 250 kwa njia za Menengai?

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi: injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana Honda XR150L, yenye takriban nguvu za farasi 12, huanza kuhema ukielekea ukingo wa Menengai, ile kreta ya volkano iliyo juu ya Nakuru. Unashusha gia, unasubiri. CRF250L ina karibu mara mbili ya nguvu hizo na gia sita. Mlima hauisumbui, na safari ya lami hadi Kisumu haikuchoshi.

Lakini vumbi la Menengai ni laini kama unga, na hapo ndipo utaanguka. Kuinua kilo 130 badala ya 145 mara ya tano, jua la saa saba likiwaka, utaisikia tofauti mgongoni. Ile ndogo tena hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kutobolewa na jiwe, na kabureta yake fundi yeyote wa bodaboda anaijua.

Anayeanza achukue 150. Mimi, mwenye kilo 90 na hema juu, nilishahamia 250. Bei? Tuiache kwanza.