Kutengeneza ampu ya valvu Luthuli Avenue: uzoefu wangu

Ampu ya valvu (ile inayokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista) inatengenezeka vizuri Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, ila nenda na vipimo mkononi. Mafundi wa pale hushinda na subwufa, redio za gari na ampu za kanisani. Mkono wao wa kulehemu ni safi, lakini EL84, valvu ya sehemu ya nguvu, huiona kwa nadra. Ukifika na kusema tu kwamba ampu inavuma na kukata fyuzi, utaambiwa valvu zimekufa. Na valvu ndicho kitu cha shida kupata Nairobi: nyingi lazima ziagizwe nje.

Yangu ni ya wati 15, spika moja ya inchi 12, EL84 mbili kwenye sehemu ya nguvu na 12AX7 tatu, valvu za kukuza sauti mwanzoni, mbele yake. Dalili zilikuwa hizi: inawaka na kupiga sawasawa kwa dakika chache, kisha sauti inafifia na kukwaruza, mvumo unapanda, na anodi (bati la kijivu ndani ya valvu) ya EL84 moja inaiva nyekundu hadi fyuzi inakatika. Ninaposema nyekundu simaanishi ule mwanga wa rangi ya chungwa katikati, hiyo ni hita, kipashio cha valvu, na ni kawaida. Namaanisha lile bati la kijivu lenyewe. Ukiliona hivyo, zima papo hapo, kwa sababu kinachofuata kuungua ni transfoma ya kutoa sauti, na bei yake haina mzaha.

Kwanza usalama. Ndani kuna zaidi ya volti 300, na kapasita huzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Chukua rezista ya kilo-omu 10, wati 5, ifunge klipu za mamba, iunganishe kati ya mguu chanya wa kapasita ya kwanza ya kuchuja (zile kubwa zinazolainisha umeme) na chesi, yaani bodi ya chuma, kwa sekunde kumi hivi, halafu hakikisha kwa mita kwamba zimebaki chini ya volti 10. Ile desturi ya kushoti kwa bisibisi inaumiza kapasita, na siku moja itamwumiza fundi. Kila unapopima ikiwa inawaka, mkono mmoja uwe mfukoni.

Kipimo cha kwanza hakigharimu chochote: badilisha nafasi za EL84 mbili. Wekundu ukihama pamoja na valvu, valvu ndiyo mbovu. Kwangu wekundu ulibaki kwenye soketi ileile, kwa hiyo valvu mpya zingeungua vilevile. Ukweli huo mmoja ndio uliobadilisha mazungumzo na fundi.

Kipimo cha pili: toa EL84 zote, acha 12AX7 zikiwa ndani, washa, kisha pima pini ya 2 ya kila soketi ya EL84 dhidi ya chesi. Hiyo ni gridi, wavu unaodhibiti mkondo wa valvu, na kwenye ampu inayojiwekea bayasi (kiwango cha mkondo huo) kupitia rezista ya kathodi, sehemu inayotoa elektroni, inatakiwa kusoma sifuri au karibu kabisa na hapo. Soketi moja ilisoma sifuri, nyingine volti 9 chanya. Kosa lilikuwa kwenye kapasita ya nanofaradi 22 inayopitisha sauti kutoka anodi ya 12AX7 ya mwisho, ambako kuna volti 200 hivi. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa DC. Ikianza kuvuja, hata kwa kiwango cha megaomu 10 tu, na rezista ya gridi ikiwa kilo-omu 470, zile volti 9 zinapatikana. Gridi ikiwa chanya namna hiyo, mkondo unapita bila breki. Fundi aliipima kapasita hiyo kwa mita upande wa omu, akaiona nzima. Ndivyo ilivyo: mita hutumia volti chache, na uvujaji wa aina hii mara nyingi hujitokeza tu chini ya volti nyingi.

Mvumo ulikuwa jambo jingine. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mvumo mzito wa hezi 50 mara nyingi hutoka kwenye hita au waya wa athi. Wa hezi 100, wenye ukali kidogo, huelekeza kwenye kapasita za kuchuja. Programu ya kutyunia gitaa kwenye simu inatosha kuutambua: ikionyesha noti karibu na G ni hezi 50 au 100, na oktava ndiyo inayokuambia ni ipi. Wangu ulikuwa wa 100.

Vilivyobadilishwa: kapasita zote mbili za nanofaradi 22 kwa za volti 630, za kuchuja kwa mikrofaradi 47 volti 450, na rezista ya gridi ya skrini (wavu wa pili wa valvu) upande ulioungua, ambayo thamani yake ilikuwa imepanda. Kwanza nililetewa kapasita za volti 250 zilizochomolewa kwenye kifaa kingine. Usikubali. Za dukani pia zipimwe kabla ya kulehemiwa, maana feki zipo. Pamoja na ufundi, bei ilikuwa chini ya jozi moja ya EL84.

Baada ya hapo, rezista ya kathodi ya omu 130 ilisoma volti 10.4, yaani miliampea 80 kwa valvu mbili. Gawa kwa mbili, toa kama miliampea 2.5 za skrini, zidisha kwa volti 300 zilizo kati ya anodi na kathodi: wati 11.25 kila moja. Kikomo cha EL84 ni 12. Iko juu, lakini salama.

Kulehemu nampa fundi alama zote. Uchunguzi, nusu. Na kuna jambo moja nililomzuia: alitaka kuijaribu ampu huku spika imechomolewa ili kelele zisisumbue majirani wa duka. Ampu za transista nyingi huvumilia hilo. Ya valvu inaweza kuua transfoma yake ya kutoa sauti.

Kasoro iliyobaki si ya fundi. Ampu imeandikwa volti 230, umeme wetu rasmi ni 240, na usiku kwangu mita husoma hata 250. Hita za volti 6.3 zinapanda hadi karibu 6.85, na mwisho wake ni 6.9 hivi. Kwa hiyo sasa inakaa nyuma ya stabilaiza. Nikiisafirisha kwa boda natoa valvu zote na kuzifunga kwa nguo, kwa sababu matuta hulegeza soketi, na soketi iliyolegea huleta mikwaruzo inayofanana kabisa na ya valvu mbovu.