Niliwapa picha ya bibi waisafishe, wakanirudishia mtu mwingine

Naandika nikiwa bado na hasira. Nimejaribu kusubiri zipoe, wiki ya ngapi sijui hii, hazipoi.

Duka lenyewe silitaji. Ni katika yale maduka ya picha ya Kariakoo yanayopiga pasipoti, yanayochapa fulana na vikombe, na siku hizi yanahamisha picha za zamani kutoka kwenye albamu kwenda kwenye simu. Nilielekezwa na mtu ninayemwamini. Nikapeleka albamu mbili za marehemu baba, picha kama mia na themanini, na bahasha ya kaki iliyojaa negativu, zile filamu zinazochapiwa picha. Kijana wa kaunta akazipokea vizuri, akazihesabu mbele yangu, akaandika risiti. Mwisho akaniuliza, "Mama, na kusafisha tukusafishie?" Nikamwambia, ndiyo mwanangu, safisheni.

Sasa kosa langu, kama ni kosa, ni hilo neno. Sisi tuliokua na filamu tunajua kusafisha picha ni nini. Unapeleka filamu studio, wanaitia dawa gizani, unarudi baada ya siku kadhaa unakuta watu wametokea kwenye karatasi. Nilipoona neno hilo linatumika kwa picha ambazo zimeshatoka miaka hamsini iliyopita, nikadhani wanasema vumbi. Picha za baba zina ukungu, nyingine zina alama za vidole, nyingine karatasi ya albamu imezigandia pembeni. Nikasema kijana ana adabu na anajua kazi, wayatoe hayo.

Wametoa nembo za bibi.

Nieleze vizuri, maana nilipoeleza pale dukani walinitazama kama nimechanganyikiwa. Kwetu ni Newala, juu kule kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, unapoliangalia bonde la Ruvuma chini unahisi kizunguzungu. Bibi mzaa baba alichanjwa nembo akiwa msichana: paji la uso, mashavu yote mawili, mistari yenye pembe inayofuatana kama ukindu uliosukwa. Zilikatwa kwa kisu, zikapakwa masizi ya mbarika, zikarudiwa hadi zikainuka. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nazipitishia kidole akiwa amelala. Na mdomo wa juu alikuwa na tundu la ndonya, lile pambo la kuchomekwa mdomoni, ingawa ndonya yenyewe mimi sikuwahi kumwona ameivaa.

Picha ni moja tu ya bibi peke yake. Nyuma baba ameandika kwa kalamu ya wino, "Mama, Newala, 1973." Alikuwa karani wa chama cha ushirika, na kamera aliinunua kwa pesa ya korosho. Msimu ule wa 1973/74 nchi ilipata zaidi ya tani 140,000 za korosho, rekodi iliyokaa miaka mingi bila kuvunjwa, na nyumba nyingi za kwetu kuna kitu kilichonunuliwa wakati huo: baiskeli, cherehani, bati. Kwetu ilikuwa kamera.

Mimi nami napiga picha. Si kazi yangu, kazi yangu ni nyingine kabisa, lakini Jumapili mnaniona na kamera shingoni, nawapiga wazee wa ukoo kabla hawajaondoka. Kwa hiyo picha ile naisoma kama mpiga picha pia. Baba hakumsimamisha mama yake juani mchana. Amemketisha kwenye kigoda jioni, jua limeinama, mwanga unamjia kwa ubavuni, na kila mstari wa nembo umetupa kivuli chake chembamba kama uzi. Uso mzima unasomeka. Ukimpiga mtu mwenye nembo kwa mwanga wa mbele, zinalala, hazionekani. Baba hakusomea popote, lakini alilijua hilo, na alisubiri saa yake. Hiyo ndiyo picha niliyowapa.

Niliyorudishiwa ni mwanamke mweupe. Uso laini kama sahani. Paji tupu, mashavu matupu, tundu la mdomo limezibwa, macho yameongezwa weupe. Ukitazama kitenge alichojifunga ndiyo unajua ni picha ileile.

Jinsi inavyofanyika naelewa, nami hutumia programu hizi. Kompyuta inatafuta uso, ikiupata inahesabu kila kitu kisicho laini kuwa ni uchafu wa ngozi, inachukua rangi ya jirani na kuziba. Haijui chunusi wala nembo. Sawa, mashine haijui. Lakini mashine haikujiwasha yenyewe. Kuna mtu aliketi, akaona uso wa bibi mkubwa kwenye kioo chake, akabonyeza.

Na hapo bado hatujafika kwenye lililonichoma. Binamu yangu alichangia nusu ya gharama, akawa ameacha namba yake pale. Kabla mimi sijaona chochote, duka likamtumia yeye picha zote kwa WhatsApp. Yeye kwa furaha akazimwaga zote kwenye grupu la ukoo, watu karibu mia, walioko Dar, Mtwara, Pemba kule Msumbiji, na mmoja Muscat. Nilikuwa kazini. Nafungua simu saa ya chakula nakuta maua, mioyo, mikono ya dua. "Bibi alikuwa mzuri jamani." "Kumbe ukoo wetu una rangi." Mtoto wa juzi, aliyezaliwa bibi ameshafariki, ameiweka kwenye profaili yake.

Nilikwenda dukani kesho yake. Nilijiambia njiani nisipandishe sauti, na mwanzoni sikupandisha. Nikamwonyesha kijana karatasi halisi na simu, nikamuuliza, mwanangu, huyu na huyu ni mtu mmoja? Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Mama, si tumekusafishia? Bibi alikuwa na makovu."

Nikamwambia si makovu. Ndipo bosi akatoka ndani. Hakunisalimia. Mtu mzima mwenzangu, mimi nimesimama, yeye amekaa, anaongea huku anachezea simu. "Mama, watu wanatulipa hela kutoa vitu kama hivyo. Wewe tumekutolea bure, unalalamika. Kwani ulitaka bibi aonekane mshamba kwenye grupu?"

Mshamba. Nilisikia masikio yanalia. Baba yangu alipohamia Dar alikuwa akiitwa majina barabarani kwa sababu ya chale mbili tu za kwenye paji, akitaniwa kuwa ni mlinzi wa usiku, na alikuwa anavumilia, anatabasamu, anakuja kukaa kimya nyumbani. Nilidhani hayo yamekwisha. Kumbe yamehamia kwenye kompyuta.

Nikaomba wanipe faili halisi, ile ya kabla ya kusafisha. Kila anayeshika kazi hii anajua unahifadhi skani mbichi kando, unafanyia kazi nakala. Wakasema wamesevu juu yake. Picha zote. Bosi akaongeza kwamba kama sikuridhika nizilete tena, nilipie upya.

Niseme na mengine kwa haki, maana nikiandika hasira tu mtasema mama huyu ana lake. Bei yao haikuwa mbaya. Siku walizoahidi ndizo walizomaliza. Karatasi zangu zilirudi salama, hakuna iliyochanika, na anayejua albamu zile za gundi anajua kubandua picha bila kuipasua ni kazi. Na negativu! Robo ya bahasha walikuwa wameshazifanya, na mle kuna picha ambazo baba hakuwahi kuzichapa kabisa. Ipo moja ya wanawake wanapepeta mtama uani, makapi yamesimama hewani kama moshi. Niliiona pale pale kaunta, machozi yakanitoka. Kwa picha hiyo peke yake nilitaka kuwasamehe. Nikaacha bahasha waendelee na zilizobaki, nikaondoka. Kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa nimepanga kuandika hivi: nyota mbili, karatasi msipeleke, negativu pelekeni.

Nyumbani nikaazima skana ya rafiki yangu, nikaifanya picha ya bibi mwenyewe, 600 dpi, yaani nukta mia sita kwa kila inchi, maana karatasi ni ndogo, ukungu nikautoa kwa mkono punje moja moja, jioni tatu. Uso sikuugusa. Nikaituma kwenye grupu kama dokumenti, kwa sababu ukiituma kawaida WhatsApp inaibana, na mistari myembamba kama ile ndiyo ya kwanza kupotea. Nikaandika chini: huyu ndiye bibi yenu.

Kimya. Halafu mmoja akaandika, "Shangazi, ile ya kwanza ndiyo nzuri, hii imechafuka." Mwingine, "Naona kama ina mikwaruzo." Binamu akanipigia, kwa upole kabisa, akaniambia nisikasirike, lakini fulana za mkutano wa ukoo zimeshachapwa, arobaini, na picha ni ile safi. Zimechapwa duka lilelile.

Hapa ndipo ninaposhindwa kujua nimkasirikie nani. Duka lilifanya kosa la siku moja. Sisi wenyewe tumelipenda. Lakini wasingelifanya, tusingelipata cha kupenda, na hilo silitoi mdomoni. Mtoto akishaona uso laini kwanza, uso wa kweli unakuwa ndio wenye hitilafu. Duka la picha lina wajibu huo: kinachotoka kwanza ndicho kinachoaminiwa.

Aliyenituliza kidogo ni shangazi yangu, dada yake baba, yuko Newala, macho hayana nguvu. Mjukuu wake akamshikia simu, akamwonyesha ya dukani. Nilikuwa nimepiga, nasikia. Akauliza, "Huyu mke wa nani?" Wakamwambia ni mama yako. Akasema, "Acheni mchezo." Ndipo akaonyeshwa ile ya kwangu. Hakusema kitu muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Kisha akaanza kutaja jina la mama aliyemchanja mama yake, na mtaa aliokuwa akikaa, na kwamba ile ya shavu la kushoto ilikwenda upande kidogo kwa sababu msichana alitikisika. Nimetazama. Imekwenda upande kweli. Miaka yote ninayo picha hiyo sikuwahi kuona.

Nimemwomba mjukuu amrekodi kila akizungumza hivyo.

Basi nilikuwa nafika mwisho hapa, nikasema kabla sijatuma niifungue tena ile picha ya wanawake wanaopepeta, niwaelezee vizuri mwanga wake, kwa kuwa nimewasifu. Nimeifungua kwenye kompyuta, si kwenye simu. Nimeikuza.

Wako watano. Shangazi ni wa pili kutoka kushoto, namjua kwa namna anavyoshika ungo. Uso wake ni laini. Wa pembeni yake laini. Wote watano. Nyuso ndogo kiasi kwamba kwenye simu huwezi kuona, lakini programu imeziona, imepita kwa kila mmoja, imefuta. Hata yule mzee aliyekaa nyuma kabisa kivulini.

Kwa hiyo nafuta niliyosema kuhusu negativu. Nafuta na nyota. Sijui kama kuna namna ya kuweka sifuri.

Bahasha yangu ya kaki bado iko kwao, na negativu nyingine humo hazijaguswa. Kama wanafungua saa tatu, mimi saa mbili na nusu nitakuwa mlangoni. Risiti ninayo.