Nilivyopima protini ya karanga na uwele kwenye maabara ya chuo, Dodoma

Utafiti wangu ni wa unga wa uji wa watoto, uwele uliochanganywa na karanga za Kongwa. Machi nilipeleka sampuli 12 kwenye maabara ya chuo kikuu kimoja hapa Dodoma.

Karanga nilizisaga nyumbani kwa blenda, zikawa siagi iliyoganda kwenye kuta za kopo. Fundi sanifu aliyezipokea alifungua kifuniko, akachota kwa ncha ya kijiko, akanirudishia. "Dada, hapa nikichota mara tatu nitapata majibu matatu." Akanielekeza nizilaze kwenye friza, kisha nisage kwa kubonyeza na kuachia. Kweli, zikatoka chenga kavu.

Wanatumia njia ya Kjeldahl, ya tangu 1883. Niliomba kuangalia, wakaniruhusu. Sampuli inachemshwa kwenye asidi kali ya salfa. Mirija ilianza myeusi kama masizi, ikaishia kijani cheupe, maji safi kabisa. Baadaye naitrojeni ya sampuli, iliyogeuka amonia, inanaswa kwenye asidi ya boriki, wanadondosha asidi nyingine tone kwa tone mpaka kijani kigeuke waridi. Kinachopimwa hasa ni naitrojeni, protini unaipata kwa kuzidisha naitrojeni hiyo kwa namba maalumu ya chakula husika.

Na kwenye kuzidisha ndipo waliponiokoa. Fomu yangu niliijaza 6.25 kila mahali, kwa mazoea. Yule fundi akauliza mbona hata karanga, wakati zake ni 5.46? Naitrojeni ya karanga zangu ilikuwa asilimia 4.6. Kwa hesabu yangu protini ingekuwa asilimia 28.75, kwa hesabu sahihi ni 25.1. Ningemwandikia mama protini ambayo haimo kwenye kikombe cha mwanawe. Bado naliwaza hilo.

Kilichoniudhi ni muda. Waliniambia wiki mbili, zikawa tano. Umeme ulikatika katikati ya kuchemsha, wakarudia mirija yote bila kunidai nyongeza, nawashukuru, lakini hakuna aliyenipigia simu. Nilikuwa naenda mwenyewe kuulizia. Amino asidi moja moja, yaani vijenzi vya protini, hawapimi pia, na kwa uwele hilo ni pengo, maana laisini yake, mojawapo ya amino asidi hizo, ni kidogo.

Ukienda, omba karatasi yenye majibu ya marudio yote matatu ya kila sampuli na ya mrija usio na sampuli, ule wa kulinganishia, usikubali wastani peke yake. Mimi walinipa bila kusita. Nina njugu mawe za kupima mwezi ujao, nazipeleka hapohapo.